Siku 40 kwa shilingi 450,000: huduma ya kumlea mzazi niliyoichukua Tabata, Dar es Salaam

Nilijifungua mtoto wa pili mwanzoni mwa Aprili 2025, na safari hii nilimlipa mtu anilee. Nasema kulelewa kwa maana ile ya zamani: kukandwa, kufungwa mkaja (kitambaa cha tumboni), kunyweshwa uji wa pilipili manga, na kukaa ndani siku 40 bila kutia mguu barabarani. Tangu nirudi kazini naulizwa na wenzangu wenye mimba kama inafaa au ni kutupa hela. Naandika yote hapa, pamoja na lile moja lililonitisha, ili anayetaka kumwita mtu wa namna hii ajue analipia nini.

Mlezi wangu ni bibi wa Pangani, miaka sitini na kitu, anaishi Buguruni kwa mwanawe. Hana duka wala bango. Watu hupeana namba yake msibani, harusini, kliniki. Jina lake silitaji kwa sababu sikumwomba ruhusa, na pia kwa sababu huko chini nina la kumlalamikia. Makubaliano yalikuwa haya: siku saba za mwanzo analala kwangu, baada ya hapo anafika saa kumi na mbili asubuhi na kuondoka jioni mtoto akishaogeshwa. Shilingi 450,000 kwa siku zote 40, nusu mwanzoni, nusu siku ya kutoka, pamoja na doti mbili za khanga. Chakula, kuku na viungo unanunua wewe.

Ili mnielewe ni lazima niseme kidogo habari za mtoto wa kwanza.

Mwaka 2019 tulikuwa tunakaa chumba na sebule Kimara. Mama yangu alishuka kutoka Marangu, akakaa wiki mbili, akaitwa arudi kwa sababu baba alikuwa anaumwa. Mume wangu alipewa zile siku 3 ambazo sheria inampa baba, zikaisha tukiwa bado hatujajua mtoto analia kwa nini. Siku ya 16 nilibaki peke yangu. Siku ya 18 nilipanda daladala Kimara Mwisho kwenda kununua nepi, mtoto kifuani, huku nikihisi mshono unavutika kila gari ikiruka tuta. Wageni walikuja, walikaa sebuleni, walisubiri soda, na mimi niliyejifungua ndiye niliyeosha glasi. Kuna asubuhi nilijikuta nimesimama jikoni, jiko linawaka, sufuria iko juu ya moto haina hata maji, na mimi nalia tu. Sikuweza kusema nalia nini.

Wiki ya sita nilipompeleka mtoto chanjo, nesi mmoja aliniangalia usoni akaniita pembeni, akaniuliza maswali 10. Baadaye nilikuja kujua kinaitwa kipimo cha Edinburgh, kimekuwepo tangu 1987, kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3, na ukijumlisha yote mwisho ni 30. Mimi nilipata 17. Swali la 10 linamuuliza mama kama amewahi kuwaza kujidhuru. Nilikaa kimya muda mrefu kabla sijalijibu. Nesi yule hakunihukumu, alinipeleka kwa mshauri, na polepole nilirudi kuwa mtu.

Mama aliposikia, miezi mingi baadaye, alisema neno moja tu: "Tulikuacha." Kisha akanieleza yeye alivyolelewa. Uchagani mzazi alikaa ndani miezi mitatu, analetewa mtori, maziwa na nyama, hashiki jembe wala hateki maji. Na bibi zake walimsimulia kwamba zamani zaidi, mzazi akitoka, alitoka siku ya soko amepambwa, wanawake wakimwimbia kama askari aliyerudi vitani. Nilimsikiliza nikawaza lile daladala la Kimara Mwisho.

Hiyo ndiyo sababu ya kumtafuta bibi wa Pangani. Mimi ni mhasibu, nimesoma, ni Mlutheri, yeye ni Mwislamu wa Pwani, na mila zetu hazifanani. Lakini wazo la kumweka mzazi ndani na kumtumikia tunalo wote.

Sasa huduma yenyewe.

Asubuhi huanza na maji. Anachemsha sufuria kubwa yenye majani ya mwarobaini, anayaacha yapoe kidogo, anayapima kwa kiwiko chake kama unavyopima maji ya kumwogesha mtoto. Anachovya taulo, analikamua, analiweka kiunoni, mgongoni, kwenye mapaja, halafu tumboni taratibu. Nilikuwa na nyuzi, na huko hakugusa. Alisema kwenye nyuzi ni maji ya vuguvugu yenye chumvi tu na hewa. Sisitizeni jambo la kupima maji. Nimewahi kumwona mwanamke mwenye baka la kuungua tumboni, na aliyemkanda alidhani kadiri maji yanavyochoma ndivyo damu inavyotoka. Bibi huyu si wa hivyo, na hilo peke yake nampa nyota.

Baada ya kukandwa, mkaja. Hapa nataka nikae kidogo kwa sababu sijawahi kuona kazi ya mikono inayofanywa kwa uangalifu namna ile. Mkaja wake ni kitambaa cha marekani, upana wa shubiri mbili, urefu wa kunizunguka mara nne na ziada. Mimi nalala chali mkekani, magoti juu. Yeye anakaa kwenye kigoda ubavuni. Anaanzia chini kabisa, kwenye nyonga, anapanda, kila mzunguko ukilalia nusu ya ule wa chini yake, na kila akizungusha ananiambia, "Pumua, mwanangu." Akifika chini ya mbavu anasimama, hapandi tena. Hapigi fundo. Ncha anaichomeka chini ya mzunguko wa mwisho, kisha anapitisha vidole viwili kati ya kitambaa na ngozi. Visipopita anafungua wote, anaanza upya. Siku ya pili alifungua mara tatu. Sikumwona akikunja uso.

Wanaojua taratibu za mahari za Pwani wanajua kuna fungu linaitwa mkaja, la mama wa bibi harusi. Jina ni la kitambaa hikihiki. Mama anashukuriwa kwa kile alichojifunga tumboni alipomzaa binti anayeozwa leo. Nilipofungwa wa kwangu ndipo nilipoelewa kwa nini wazee waliona lile fungu halisameheki.

Je, mkaja unarudisha tumbo? Sina ushahidi huo na sitawadanganya. Mfuko wa uzazi hurudi wenyewe ndani ya wiki kama sita hata usipojifunga kitu. Ila mgongo wangu, ambao mara ya kwanza uliniuma mwaka mzima, safari hii ulishikwa, na niliweza kukaa wima kunyonyesha bila kutafuta mto.

Uji ni wa unga wa mtama, pilipili manga, tangawizi, mdalasini na kijiko cha samli. Unaunywa ukiwa wa moto mpaka jasho linatoka kwenye paji la uso. Mchana supu ya kuku wa kienyeji, siku nyingine supu ya pweza kama mume wangu amepita soko la samaki la Feri. Maziwa yalitoka vizuri. Bibi anasema ni pilipili manga. Mimi nadhani ni kwa sababu nilikula, nilikunywa, nililala, na mtoto aliwekwa titini kila alipotaka, kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine. Hatukubishana.

Lakini kama mtaniuliza kitu gani hasa nililipia, sitasema uji wala maji. Nililipia mlango.

Siku ya kwanza tu bibi aliweka kiti chake barazani, mahali ambapo huwezi kuingia bila kupita mbele yake. Hakumfukuza mtu. Alisema maneno matatu: "Mzazi yuko ndani." Nilishangaa maneno hayo yanavyofanya kazi. Kila mtu aliyevuka miaka arobaini alishusha sauti papo hapo. Wanaume waliacha salamu na kilo ya sukari wakaondoka. Wanawake waliingia mmojammoja, na kila aliyeingia alipewa kazi, huyu nepi, huyu vyombo, huyu ambebe mkubwa. Shemeji yangu mmoja alitaka kukaa aangalie mpira kwenye televisheni yetu. Bibi alimwambia kwa upole kabisa kwamba nyumba ya mzazi haina mpira kwa siku 40. Akaenda kuangalia kwa jirani. Mimi nisingeweza kumwambia maneno hayo, ningemkaangia na mayai juu.

Tarehe 18 Aprili, siku ya 15, simu ililia. Alikuwa bosi. Ritani ya VAT inatakiwa iwe imeingia tarehe 20 ya mwezi, faili la mizigo ya bandarini lilikuwa halionekani, akaomba nusu saa tu nifungue kompyuta. Mwaka 2019 nilipigiwa simu za namna hiyo nikiwa kwenye likizo ya uzazi, na nilizipokea zote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inanipa siku 84 za likizo yenye malipo, 100 nikizaa pacha, na sijawahi kunyimwa hata moja. Ila sheria ile haikunifundisha namna ya kumwambia bosi "hapana". Unajiuliza utasema nini, umechoka? Kila mtu amechoka.

Bibi alinyoosha mkono, nikampa simu. Akasema, "Mwanangu, huyu ni mzazi. Yuko ndani. Arobaini ikiisha mtampata." Bosi wangu ni mtu mzima, amekulia Kilwa. Nilimsikia akisema, "Shikamoo bibi. Samahani sana, sikujua yuko ndani." Akakata. Hakupiga tena mpaka katikati ya Mei, akipiga kunipongeza.

Nimelifikiria sana tukio hilo. Vijana wengi, mimi nikiwemo, tumezoea kuona miiko ya wazee kama kamba ya kumfungia mwanamke. Mwiko huu siku ile uliwafunga wengine wote kwa ajili yangu: bosi, shemeji, wageni wa soda. Mapumziko yangu hayakuwa ombi langu tena. Yalikuwa sheria ya watu wote, inayojulikana na wote, na haikunitaka nitoe sababu. Mtu aliyevunjika moyo hana nguvu za kuomba kila siku apumzishwe, na mara ya kwanza ndicho kilichonishinda.

Mume wangu naye alifungwa. Alihamia chumba cha mtoto mkubwa, akawa anamwandaa shule, anamwogesha, ananunua kuku, anabeba ndoo maji ya bomba yakikatika. Suala la unyumba halikujadiliwa, maana lilikuwa limeshaamuliwa na watu waliokufa zamani, na nakiri ilikuwa raha kutolijadili. Hata madaktari wanashauri mwili uachwe upone kwanza. Ila hapo bibi alipoanza habari za kubemenda, kwamba baba akitoka nje ya ndoa kisha akamshika mtoto, mtoto atakonda na kudhoofika, nilimwomba aishie hapo. Namjua mama ambaye mtoto wake alikuwa na utapiamlo wazi kabisa, akamficha asimpeleke kliniki kwa kuogopa kuambiwa amembemenda. Mtoto akikonda apelekwe mzani. Sina subira na mila inayomfanya mama aone aibu ya ugonjwa wa mwanawe.

Sasa lile lililonitisha.

Usiku wa siku ya 9 titi la kushoto lilianza kuuma. Asubuhi lilikuwa gumu, jekundu upande mmoja, linawaka. Bibi alisema ni homa ya maziwa, akalikanda kwa taulo la moto, akaniambia nisiogope. Jioni nilikuwa natetemeka chini ya blanketi mbili katika joto la Dar es Salaam. Mume alileta kipimajoto, kikasoma 39.2. Akasema twende hospitali. Bibi akakataa. Mzazi hatoki kabla ya arobaini, akitoka atapigwa na upepo, maziwa yatakauka, na hata mtoto atadhurika. Alisema kwa uhakika uleule ambao siku tano baadaye alisemea na bosi wangu.

Na mimi nilimtii. Hili ndilo linalonisumbua mpaka leo. Nilikuwa nimetulia siku tisa kwa sababu kuna mtu anaamua kwa niaba yangu, na ilipofika saa ya kuamua mwenyewe nilikuwa nimesahau kwamba naweza. Nililala usiku mwingine mzima na homa ile. Mume wangu, ambaye kwa siku tisa alikuwa ameambiwa mambo ya uzazi hayamhusu, alisimama mlangoni na funguo za gari mkononi, hajui aingie au asubiri.

Aliyetuokoa ni mama mkwe. Alipiga simu kutoka Tanga asubuhi na mapema kujulia hali, mume akamweleza, akataka aongee na bibi. Simu ilikuwa kwenye spika. Alisema, "Dada yangu, mpelekeni hospitali sasa hivi. Mimi nilimzika mdogo wangu arobaini yake ya uzazi haijaisha. Tukahesabu nyingine juu ya ile." Bibi hakujibu kitu. Alikwenda kuchukua buibui lake.

Hospitali waliona ni maambukizi kwenye titi. Nilipewa antibayotiki, nikaambiwa niendelee kumnyonyesha mtoto titi hilohilo, na siku mbili baadaye homa ilikuwa imekwisha. Daktari alinikalisha akanitajia dalili ambazo mzazi hasubiri nazo nyumbani hata saa moja: homa, damu nyingi, kichwa kuuma sana na macho kuona maluweluwe, degedege, mguu mmoja kuvimba na kuuma, uchafu wenye harufu mbaya. Na akaniambia kitu ambacho kila mwenye mpango wa arobaini anapaswa kukihesabu kwa vidole. Shirika la Afya Duniani linataka mama na mtoto waangaliwe ndani ya saa 24 za mwanzo, kisha kati ya saa 48 na 72, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha wiki ya sita. Ukikaa ndani siku 40 bila kutoka kabisa, na hakuna mhudumu wa afya anayekuja nyumbani, mahudhurio mawili ya katikati yamekupita, na hizo ndizo wiki ambazo mambo huharibika.

Bibi alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, mtoto mikononi, kimya. Tuliporudi aliniomba karatasi ya daktari. Hasomi maandishi yetu, anasoma msahafu. Akaibandika mlangoni mwa jikoni, na kila asubuhi kabla ya kuchemsha maji alimwita mwanangu mkubwa, ambaye yuko darasa la kwanza, amsomee. Mtoto anasoma kwa kuvuta silabi, de-ge-de-ge, bibi anarudia. Baada ya wiki alikuwa anazo zote kichwani.

Siku moja nilimuuliza hii arobaini imetoka wapi, ni ya dini? Nilidhani atasema ndiyo. Alisema hapana. Kwa dini, damu ikikatika hata siku ya 20, mwanamke anaoga anasali siku hiyohiyo. Na kwa Mashafii, ambao ndio Waislamu wengi wa mwambao wetu, nifasi, yaani damu ya uzazi, inaweza kwenda mpaka siku 60. Arobaini ni ile iliyozoeleka. Kukaa ndani, kutopigwa upepo, hayo ni mengine. "Ya dini ina mwenyewe," aliniambia. "Hii ni yetu wanawake." Nikamwambia kama ni yetu, basi tunaweza kuweka ndani yake mlango wa kwenda kliniki. Alifikiri, akasema mwenye mkaja uliofungwa vizuri na khanga ya kichwani anaweza kwenda na kurudi.

Mengine yalikuwa madogo. Nilikataa wanja usoni kwa mtoto, kwa kuwa baadhi ya wanja zinazouzwa zina madini ya risasi, akanuna siku nzima. Nilikataa maji ya tumbo ya dukani, maana mtoto anatakiwa anyonye maziwa ya mama peke yake miezi sita. Kitovu tulikiacha kikavu. Uzi mweusi mkononi niliuacha, hauna madhara, na ulimpa amani.

Kuna jambo jingine ambalo si kosa la bibi, lakini siwezi kuandika habari za huduma hii nikaliruka. Nyumba ya pili kutoka kwetu kuna dada anayekaanga mihogo pale kituoni. Alijifungua wiki moja na mimi. Siku ya 12 alikuwa kwenye karai lake, mtoto kwenye kapu chini ya meza. Alipita kunisalimia, bibi akamkaripia, kwamba ataharibika, kwamba mzazi hakai kwenye moto. Yule dada hakukasirika. Alimwambia, "Bibi, na kodi atalipa nani?" Hakuna aliyejibu. Zile siku 84 za sheria hazimhusu, kwa sababu hana mwajiri. Maneno ya "yuko ndani" hayamhusu, kwa sababu ndani hakuna chakula. Kilichobaki kwake katika mila hii ni kusemwa na majirani.

Kuanzia kesho yake bibi alijaza uji kwenye chupa ya chai, akamtuma mume wangu aupeleke kituoni. Siku ya tatu alimwita yule dada jioni, akamlaza kwenye mkeka wetu, akamfunga mkaja. Hakuniuliza na sikumuuliza. Zamani kazi hii haikuwa na bei. Walikuwepo mama, shangazi, wifi, nyumba moja na nyingine. Sasa ndugu wako Moshi na Tanga, sisi tuko Tabata, na kilichokuwa haki ya kila mzazi kimekuwa kitu cha mwenye laki nne na nusu. Mtu akiniambia turudi kwenye maadili ya wazee, nitamuuliza kwanza nani anamlipia kodi dada wa mihogo siku 40.

Wiki ya sita niliomba mwenyewe kuulizwa yale maswali 10. Nilipata 6. Sitaki kumwongopea mtu kwamba ni kazi ya bibi peke yake. Huyu ni mtoto wa pili, nyumba ni kubwa zaidi, mume wangu amekomaa, na mimi nilishajua dalili. Waliochunguza desturi za namna hii, maana Wachina wana mwezi wao wa kukaa ndani na Amerika ya Kilatini wana siku 40 zao, wamepata majibu yanayopishana. Kwa wengine inasaidia, kwa wengine haisaidii, na panapokuwa na ugomvi na mama mkwe au mzazi akalelewa na mtu asiyemtaka, inaweza hata kuumiza. Naamini, kwa kuwa nimeyaona yote mawili ndani ya chumba kimoja. Siku ya 15 mwiko ulifunga mlango kwa bosi nikapata usingizi. Siku ya 10 ulifunga mlango kwangu nikiwa na nyuzi joto 39.

Gharama zote, kwa wanaopiga hesabu: bibi 450,000, khanga doti mbili 40,000, kuku 13 wa kienyeji kwa 25,000 kila mmoja ni 325,000, viungo, samli na pweza kama 120,000. Inafika 935,000. Ni hela nyingi. Tuliacha kubadilisha kochi, na sijajuta.

Nampa nyota 4 kati ya 5. Iliyopungua ni ya ule usiku mmoja.

Mdogo wangu anatarajia kujifungua Novemba, na nimeshamwekea nafasi. Safari hii masharti nimeyaandika kabla ya kulipa: tarehe za kliniki zinawekwa kwenye kalenda ya ukutani, homa ikifika 38 ni hospitali bila mjadala, na mume anaelezwa dalili zote siku ya kwanza, siyo ya kumi. Nilimsomea bibi kwenye simu, moja baada ya nyingine. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama yule mtoto wa darasa la kwanza atakuwepo, kisha akasema nimwambie mdogo wangu anunue marekani mapema, mita tano, aifue mara mbili ilainike, na asije akanunua ile mikanda ya plastiki ya dukani.